Jirani Amenishtaki kwa LC kwa Sababu ya Kuku

Asalaam aleikum dada,

Nakuandikia nikiwa sijalala vizuri kwa wiki nzima. Mimi ni mjane wa miaka 46, naishi Kibuli hapa Kampala, katika nyumba aliyotuachia marehemu mume wangu. Alikuwa mwanajeshi. Watoto wetu walizaliwa kambini na wamelelewa kwa Kiswahili, kwa hiyo nyumbani kwetu mpaka leo ndiyo lugha yetu, ingawa sokoni nasema Luganda kama kila mtu.

Mwaka jana, eda ilipokwisha, nilikusanya pesa kidogo zilizokuwa zimebaki nikajenga banda nyuma ya nyumba, futi 10 kwa 12, nikanunua vifaranga 100 vya leya, kuku wa mayai. Wengine walikufa, wengine niliwauza wakiwa mitetea. Leo nina leya 80, jogoo mmoja na mbuzi wawili. Kwa siku naokota trei mbili za mayai, na siku nzuri yanabaki mengine matano sita. Trei hizo ndizo zinazomlipia karo mtoto wangu wa mwisho aliye S3, sekondari mwaka wa tatu, ndizo zinazonunua umeme, ndizo zilizonifanya nisirudi kwa kaka zangu kuomba.

Ploti yetu ni futi 50 kwa 50, na kwetu Kibuli ni mlimani, mtu anaishi juu ya kichwa cha mwenzake. Upande wa chini wa ukuta wangu anakaa dada mmoja muuguzi, anafanya zamu za usiku. Tulikuwa tunaelewana. Msiba wangu ulipotokea alikuja siku zote tatu. Mvua za Machi zilipoanza ndipo maneno yalipoanza: kwanza harufu, halafu inzi, halafu jogoo. Anasema mtoto wake ana pumu na kifua kinambana kila asubuhi. Mimi nikampelekea trei ya mayai kwa nia njema. Akamtuma mtoto airudishe, hata yai moja halikuguswa. Dada, iliniuma kuliko matusi.

Mwezi uliopita mbuzi mmoja alikata kamba. Huwa nawafunga pale mtaroni, penye nyasi. Akaingia kwa jirani akala dodo zote, ile mchicha aliyopanda kwenye magunia. Hiyo ndiyo iliyomaliza mambo. Niliitwa kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la mtaa wetu, na mbele ya watu akasema kuku hawaruhusiwi mjini, akanipa siku 14 niwe nimewaondoa wote.

Juzi akaja kijana mwenye kitambulisho shingoni. Akasema amesikia nina shida, nikimpa shilingi 200,000 mkononi atanitengenezea kibali. Nilipomuuliza anatoka ofisi gani, akasema hayo si muhimu, risiti itakuja baadaye. Sijampa. Siku zimebaki tisa.

Naomba unijibu wazi. Je, ni kweli sheria ya Kampala inakataza kuku? Kama kuna kibali, kinatolewa wapi? Na jogoo je? Marehemu baba yangu alikuwa akituambia jogoo hatukanwi, kwa sababu anaamsha watu kwa sala. Na huyu jirani nimfanyeje? Nakiri nina hasira naye, kwa sababu naona anataka kunitoa chakula mdomoni.

Mjane wa Kibuli

*

Waaleikum salaam mdogo wangu,

Pole kwa msiba, na pole kwa haya. Nakujibu swali la kwanza kabla ya mengine, kwa sababu najua ndilo linalokunyima usingizi: hapana, Kampala haikukataza kuku. Mwaka 2006 baraza la jiji la wakati ule lilipitisha kwa mkupuo sheria ndogo tano: ya kilimo cha mjini, ya mifugo na wanyama wa nyumbani, ya nyama, ya maziwa na ya samaki. KCCA, mamlaka ya jiji ya sasa, ilipoanza kazi mwaka 2011 ilizikuta. Kabla ya hapo mtu wa Kampala alifuga kwa kujificha, na watu wengi walifuga hivyo hivyo, maana tangu miaka ya sabini, uchumi ulipovunjika, nyumba nyingi za mji huu zilikula kwa sababu ya shamba la nyuma ya nyumba na banda la uani. Sheria za 2006 zilikuja kuliweka wazi jambo ambalo mji mzima ulikuwa unalifanya. Kwa hiyo yeyote anayekuambia kuku ni marufuku mjini, anakuambia habari za zamani sana.

Lakini sikiliza na upande wa pili, maana sitaki uende ofisini na nusu ya habari. Sheria hiyo hiyo inasema mwenye mifugo awe na kibali cha jiji. Na inasema mnyama afugwe ndani, asizururishwe. Kuku akae bandani, mbuzi akae zizini. Sasa jitazame: kibali huna, na mbuzi wako walikuwa wanafungwa mtaroni. Hapo muuguzi akikupeleka mbele ya mtu anayeijua sheria, wewe ndiye utakayeanza kujibu. Nakwambia hivi kwa mapenzi, ili ujue pa kuanzia.

Kuhusu yule kijana, umefanya vizuri kutompa kitu, na usimpe. Malipo ya jiji hayapiti mkononi. Ofisi inakutolea namba ya malipo, ile watu wanaiita PRN, unailipia benki au kwa simu, na karatasi inabaki kwako. Mtu anayekuja mlangoni akijua tayari una shida, akataja kiasi kabla hujauliza, na ofisi yake hataki kuitaja, huyo ameisikia shida yako kwenye kibanda cha chapati. Akirudi, mwambie mtakutana ofisini.

Ofisi yenyewe si mbali. Kampala ina divisheni tano: Kati, Kawempe, Makindye, Nakawa na Rubaga. Ninyi wa Kibuli mko Makindye. Nenda ofisi za divisheni, uliza afisa wa mifugo. Chukua kitambulisho chako cha taifa, chukua karatasi za ploti au barua inayoonyesha nyumba ni yenu, na uende na mchoro mdogo uliouchora wewe mwenyewe kwa mkono: banda liko wapi, ukuta wa jirani uko wapi, choo kiko wapi, maji yanateremkia wapi. Hakuna aliyeniambia nichore nilipokwenda mara ya kwanza kwa ajili ya kuku wangu, lakini nilipochora, mazungumzo yalibadilika. Afisa aliacha kuniuliza kama nina haki ya kufuga akaanza kuniuliza maji ya banda yanakwenda wapi. Mwombe aje aone. Watu wengi wanaogopa ukaguzi, mimi nakwambia uutafute, kwa sababu neno la afisa aliyeona kwa macho lina uzito kuliko la mtu aliyesikia.

Kabla ya kwenda huko, rudi kwa LC. Usiende kwa ubishi. Mwenyekiti siye anayetoa kibali cha mifugo wala siye anayekinyima, lakini ndiye anayewaweka watu pamoja mtaani, na barua yake utaihitaji. Kamati ya LC1 ina watu kumi, na mmoja wao kazi yake ni uzalishaji na mazingira. Muulizie huyo kwa cheo chake. Mara nyingi kesi ya kuku inaamuliwa na mwenyekiti peke yake huku mwenye kazi hiyo hata hajaambiwa. Omba mambo mawili: amri ya siku 14 iandikwe kwenye karatasi pamoja na sababu yake, na uongezewe muda wa kurekebisha banda na kuomba kibali. Ukiwa unaomba muda wa kurekebisha, huonekani mkaidi. Na akiombwa kuiandika, mwenyekiti atalazimika kutafuta sheria anayoitaja.

Sasa tuje kwenye banda lenyewe, maana hapo ndipo kesi yako ilipo.

Futi 10 kwa 12 ni kama mita za mraba 11. Leya anayekaa chini kwenye matandazo anataka nafasi, na hesabu tunayoitumia wengi ni kuku watano kwa mita moja ya mraba. Hiyo inakupa kuku 55. Wewe una 80. Kwa hiyo hata ungekuwa na jirani asiye na pua, banda lako limezidiwa na kuku 25. Kuku wakibanana wanadonoana, wanapunguza kutaga, na kinyesi kinakuwa kingi kuliko matandazo yanavyoweza kukauka.

Huko kutokukauka ndiko kunakoleta harufu. Kuku hakojoi pembeni kama mbuzi. Ule weupe unaouona juu ya kinyesi ndio mkojo wake. Ukikaa mkavu hauna neno. Ukilowa, vijidudu vinauchachua na kutoa amonia, ile hewa kali inayouma macho. Ndiyo maana jirani yako alivumilia miezi yote ya jua akaanza kulalamika Machi. Mvua za Machi hadi Mei zimeingia bandani kwako, na zile za Septemba hadi Novemba zitaingia tena usiporekebisha.

Nitakuambia nilivyojifunza mimi. Nilikuwa na kuku Ntinda, na jirani yangu, mzee mmoja mstaafu, alilalamika. Mimi nilikuwa naingia bandani kila siku, nasimama, nanusa, nasema hakuna harufu hapa, huyu mzee ana chuki zake. Siku moja yai lilibingirika chini ya kiota, nikapiga magoti kuliokota. Nilipofikisha kichwa chini, usawa wa kichwa cha kuku, macho yalinitoka machozi papo hapo na koo likakauka. Kumbe hewa ile ilikuwa inatokea pale chini siku zote, na kuku wangu ndiyo waliyokuwa wanavuta mchana na usiku. Na kwa kuwa ukuta wetu ulikuwa na matundu chini, ilikuwa inapenya kwa yule mzee. Kwako, jirani akiwa nyuma tu ya ukuta, huenda ni hivyo hivyo. Kesho asubuhi ingia bandani uchuchumae. Usinuse ukiwa umesimama.

Ukiwa pale chini, chota matandazo ukamate kwenye ngumi, uyabane. Ukifungua mkono yakabaki donge, yamelowa. Yakimwagika yenyewe, ni makavu. Jaribu sehemu tatu: katikati, pembeni ya ukuta, na chini ya vyombo vya maji. Naweka shilingi yangu kwamba chini ya vyombo vya maji utapata donge. Vyombo vinyanyue kwa matofali mpaka mdomo wa chombo ulingane na mgongo wa kuku, ili anywe bila kumwaga wala kuchakura. Chombo kinachovuja kitupe, usikionee huruma.

Halafu toa matandazo yote yaliyopo. Yote, usitandaze mapya juu ya mabovu. Acha sakafu ikauke siku nzima, kisha mwaga makapi ya kahawa au maranda ya mbao, kina cha kiganja kilichosimama. Hapa Uganda tumebarikiwa kahawa. Makapi yake ni rahisi kupatikana na yananyonya vizuri. Kila baada ya siku mbili tatu yageuze kwa reki, hasa wakati wa mvua. Upande mvua inakopigia ongeza bati litoke nje zaidi, na maji ya bati yakusanye kwa mfereji uyapeleke kwenye pipa, yasidondoke ukutani kwa banda. Lakini usizibe banda kwa maturubai kwa sababu ya mvua. Waya uachwe wazi juu, hewa ipite. Banda lililozibwa ndilo linalonuka kuliko yote.

Inzi nao wana hesabu yao. Kutoka yai mpaka inzi anayeruka ni siku saba hadi kumi hivi kwa joto letu. Ukikusanya kinyesi kilicholowa kila wiki na kukitoa, hao watoto hawafiki kuruka. Ukikiacha wiki mbili, umewafugia jirani zako inzi. Kinyesi usikirundike nje wala usikitupe mtaroni. Kitie kwenye magunia, kifunge, kiuze. Wakulima wa mboga na wa ndizi wanakitafuta, ila waambie wakiozeshe kwanza, maana mbolea mbichi ya kuku huunguza mizizi. Na tangu lile dampo la Kiteezi lilipoporomoka Agosti 2024 likazika watu, mji huu hauna pa kutupa ovyo. Uchafu wako ukiugeuza mbolea umeusaidia mji mzima.

Kwa hao 25 wa kupunguza, usiwauze kwa kubahatisha. Wengine hawatagi na wanakula bure. Leya mmoja anakula kama gramu 110 hadi 120 kwa siku, kwa hiyo 80 wanakumalizia kama kilo 9 kila siku, watage wasitage. Mkamate kuku mmoja mmoja jioni wakiwa wametulia. Anayetaga ana kishungi chekundu, kikubwa, chenye uvuguvugu. Asiyetaga kishungi kimesinyaa na kupauka. Kisha gusa ile mifupa miwili membamba ya nyuma, chini ya mkia. Kwa anayetaga, vidole viwili mpaka vitatu vinaingia katikati yake. Kwa asiyetaga hata kimoja kinabana. Wale waliobana waondoke kwanza. Huenda ukashangaa: ukiwatoa wavivu, na waliobaki wakapata nafasi, trei zako zinaweza zisipungue kama unavyohofia.

Jogoo. Mdogo wangu, neno la marehemu baba yako ni la kweli na nimelelewa nalo pia. Lakini kwa mayai ya kula, jogoo hana kazi bandani kwako. Kuku jike hutaga bila jogoo. Jogoo anahitajika tu ukitaka mayai ya kuangua vifaranga, na wewe huangui. Wengi hawajui hili wakanunua jogoo wakidhani mayai yatakoma. Kwa sala, hapo Kibuli una msikiti mkubwa mlimani, adhana ya alfajiri inakufikia. Yule muuguzi anatoka zamu asubuhi, anataka kulala kuanzia saa mbili asubuhi, na jogoo hawiki alfajiri tu. Anawika saa tatu, anawika saa nne, anawika akiona boda imesimama. Mtoe. Mpeleke kijijini au mchinje mle na watoto.

Mbuzi pia, kwa maoni yangu, waondoke. Najua mbuzi ni akiba, na najua maganda ya matoke ya Kampala yanaweza kulisha mbuzi mwaka mzima. Lakini mbuzi wa ndani anataka zizi lililoinuliwa kwa mbao, sakafu yenye mianya mkojo udondoke, na mtu wa kumkatia majani kila siku. Kwenye ploti ya futi 50 kwa 50 yenye nyumba na banda la kuku, sioni pa kuliweka. Na mbuzi anayezurura jijini anaweza kukamatwa, kumkomboa ni gharama. Ukiweza kuwapeleka kwa ndugu kijijini mpaka karibu na Iddi kubwa, utawauza kwa bei ya kukufurahisha. Na dodo za jirani zilipe. Usingoje LC ikuambie.

Jambo moja zaidi la banda, na hili ni zito. Chanjo za kideri na Gumboro, yale magonjwa mawili ya kuku, ziandike kwenye daftari, tarehe na aina, kwa sababu afisa akikuuliza, daftari linakujibia. Januari 2017 homa ya mafua ya ndege ilikutwa kwa ndege wa porini pale Lutembe, upande wa Entebbe, na kwa kuku na bata upande wa Masaka. Tangu hapo afisa akiingia kwenye banda la mjini anatazama kama ndege wa porini wanaingia, na kama kuna vifo visivyoelezwa. Kuku wakifa wengi kwa siku moja, usile, usiuze, usitupe mtaroni. Mpigie afisa.

Najua wengine mnaosoma hii si wa Kampala. Wa Kira, Nansana na Makindye-Ssabagabo, ninyi mko Wilaya ya Wakiso. Sheria ndogo za Kampala haziwafikii, ulizeni kwenye manispaa zenu. Narudia Makindye-Ssabagabo kwa sababu watu huchanganya na Makindye ya Kampala wakapoteza siku nzima kwenye foleni isiyo yao. Jinja, Mbale, Masaka, Mbarara, Gulu, Arua na Fort Portal zilipandishwa kuwa majiji Julai 2020, na kila jiji lina mamlaka ya kujitungia yake. Msichukue jibu la Kampala mkalipeleke huko.

Sasa jirani. Umeandika kwamba anataka kukutoa chakula mdomoni. Mimi nimesoma barua yako mara tatu na sijaliona hilo. Nimeona mwanamke aliyekaa kwenye msiba wako siku tatu. Nimeona mama ambaye mtoto wake anakosa pumzi kila asubuhi, na vumbi la kuku, manyoya na amonia vinaweza kabisa kumshtua mtoto mwenye pumu; hilo yeye kama muuguzi analijua, na hakulitunga. Alikuambia harufu, ukampa mayai. Alikuambia inzi, hujaandika ulifanya nini. Yale mayai aliyorudisha, nadhani hakukudharau. Aliona kama ananyamazishwa. Tumefundishwa sote kwamba Jibrili alimuusia Mtume kuhusu jirani mpaka Mtume akadhani jirani atafanywa mrithi, na wewe umelelewa na baba aliyekufundisha heshima hata ya jogoo.

Kwa hiyo safari hii usipeleke kitu chochote. Jogoo akiwa ameondoka, matandazo yakiwa mapya, vyombo vimenyanyuliwa, kuku wamepungua, ngoja siku tatu nne mpaka wewe mwenyewe ukichuchumaa macho hayaumi. Halafu nenda siku ambayo hakutoka zamu, jioni, ubishe hodi mikono mitupu. Muombe radhi kwa dodo na umlipe. Muulize mtoto analala chumba kipi, na kama ni kile cha ukutani kwako, mwambie utaziba matundu yoyote yaliyo chini ya ukuta na kuhamishia kazi ya kugeuza matandazo saa ambayo mtoto yuko shuleni. Kisha muombe aje mpaka mlangoni mwa banda, achuchumae pamoja nawe, anuse. Akisema bado, muulize ni wapi. Akisema afadhali, muombe aandike hivyo kwa mkono wake kwenye karatasi utakayoipeleka divisheni pamoja na ule mchoro.

Dada yako